Namna ya Kuusoma Mji wa Rochdale kwa Miguu

Mgeni anayeshuka Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, kwenye tramu iliyotoka Manchester huvutwa mara moja na mnara wa Ukumbi wa Mji, lakini ni afadhali auache kwanza, aende katika nyumba namba 31 ya Toad Lane, ambayo siku hizi ni makumbusho.

Hapo ndipo wanachama 28 wa chama cha ushirika cha Rochdale, wakiwamo wafumaji, walipofungua duka jioni ya tarehe 21 Desemba 1844 kwa mtaji wa pauni 28. Simama mbele ya kaunta uutazame uchache wa bidhaa zao za kwanza: siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa oti na mishumaa. Ukijiuliza kwa nini watu wenye njaa walidunduliza senti kwa ajili ya rafu karibu tupu, kumbuka kwamba wenye maduka wa enzi hizo waliweza kuuchakachua unga, kupunja kwenye mizani na kumfunga mteja kwa madeni yasiyokwisha. Kwa hiyo wanachama hao waliuza kwa fedha taslimu, wakapima sawasawa, wakagawana faida kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja, na kila mtu akawa na kura moja. Msomaji aliyelelewa kwa fedha za chama cha ushirika cha kahawa au pamba hatahitaji mkalimani hapo.

Kisha teremka hadi Mto Roch, ambao katikati ya mji ulifunikwa kwa miaka mingi hadi ulipofunuliwa tena mwaka 2016. Maji ya milima ya Pennine yaliendesha viwanda vya sufu kabla ya mvuke na pamba kutawala, na mfereji uliokamilika mwaka 1804 ukarahisisha usafirishaji wa makaa na malighafi. Mvua ikikunyeshea, vumilia, maana unyevu huo huo ulisaidia nyuzi za pamba zisikatike ovyo.

Sasa urudi kwenye Ukumbi wa Mji, uliofunguliwa mwaka 1871. Kilele chake cha mbao kiliteketea mwaka 1883, na mnara unaouona, wa mawe, ulisanifiwa na Alfred Waterhouse. Ingia katika ukumbi mkuu uutazame mchoro wa Mfalme John na Magna Carta, hati ya mwaka 1215 iliyowekea mipaka mamlaka ya mfalme wa Uingereza. Binafsi naona ajabu kwamba mji uliotajirishwa na wafumaji ulimpa mfalme ukuta mzima.