Namna ya kuanzisha nyumba ya kumpokea mtu aliyetoka gerezani na anayeacha ulevi

Mtu anayefunguliwa katika gereza la Kasapa, hapa Lubumbashi, mara nyingi hutoka na mfuko mmoja wa nguo na karatasi yake ya kuachiliwa, na swali linalomkabili kwanza ni atalala wapi usiku huo. Ikiwa kabla ya kufungwa alikuwa amezama katika lutuku, yaani pombe kali ya kienyeji, au bangi, mlango unaomfungukia upesi ni ule wa wenzake wa zamani, kwa kuwa wao hawamwulizi kitu. Maelezo haya ni kwa ajili ya jamaa, parokia au kikundi cha majirani wanaotaka kumwekea mlango mwingine, yaani nyumba ya pamoja ya watu sita hivi, ambamo atakaa miezi kadhaa akijizoeza tena kuishi bila kinywaji na bila mlinzi.

Anzeni kabla hajatoka. Sheria ya adhabu ya Kongo inaruhusu mfungwa aachiliwe kwa masharti baada ya kutumikia robo ya adhabu yake, mradi muda aliokaa ndani umezidi miezi 3. Kwa hiyo siku ya kutoka inaweza kufika wakati jamaa bado wanahesabu miaka. Mtembeleeni, mkamwulize kama kadi yake ya uchaguzi ipo au ilipotea, kwa maana hiyo ndiyo kitambulisho ambacho wengi wetu tunacho, na asiye nayo husumbuka kila anapoulizwa yeye ni nani. Mwulizeni pia juu ya kifua kikuu, ugonjwa unaoenea kwa urahisi mahali watu wanapolala wakibanana. Kama ameanza dawa, tiba yake huchukua kwa kawaida miezi 6, na haifai ikatike getini: atoke na karatasi ya matibabu mkononi, na mtu wa nyumba ampeleke kituo cha afya wiki hiyohiyo.

Katika kutafuta nyumba, msiichague asubuhi. Tembeeni kwenye barabara hiyo saa kumi na moja jioni, iwe katika komini ya Katuba, Ruashi au Kenya hapa mjini, mkaone ni parsele (viwanja vya nyumba) ngapi zinazouza lutuku kati ya kituo cha basi na mlango wenu. Nyumba nzuri yenye muuzaji ukutani ni nyumba mbaya. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inamkataza mwenye nyumba ya kuishi kudai garanti, yaani amana ya mpangaji, inayozidi kodi ya miezi 3, na ni vema kuijua kabla ya kukaa naye mezani. Mwambieni ukweli kuhusu watakaoishi humo, na mkuu wa mtaa vilevile, kwa sababu siri hiyo itajulikana tu, na majirani watakaoisikia kwa watu wengine hawatawaamini tena. Usajili wa kikundi chenu kama chama kisicho cha faida, kwa sheria ya tarehe 20 Julai 2001, unaweza kufuata baadaye.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu wema hulikosea kwa hatari kubwa. Msidhani kwamba kila anayetoka gerezani ametoka mkavu, kwani ukuta hauzuii pombe yote. Tena wengine hunywa mfululizo siku chache za kwanza nje, ndipo waje kwenu. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, akiacha ghafla, huanza kutetemeka na kutokwa jasho ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege inaweza kumshika ndani ya siku mbili, na kati ya siku ya pili na ya nne huenda akachanganyikiwa, akaona visivyokuwapo, moyo ukamwenda mbio na mwili ukawaka homa. Hali hiyo huua. Msimfungie chumbani mkisubiri ipite, wala msimnyime maji eti afunge. Mpelekeni hospitali, au kwenye kituo cha magonjwa ya akili kama kile cha Joseph Guislain cha watawa Mabruda wa Upendo, ambako atapewa dawa ya kutuliza kwa kipimo pamoja na vitamini B1, ambayo mwili wa mlevi huwa umepungukiwa. Maombi yafanyike kando ya kitanda cha hospitali. Na kwa yule aliyekaa muda mrefu bila kutumia, hatari ni nyingine: mwili umesahau, na kiasi cha tramadoli, dawa kali ya maumivu, alichokuwa akimeza zamani, hasa kikichanganywa na pombe, chaweza kumzimisha pumzi usiku mmoja.

Kuhusu kanuni, nchini Marekani kuna nyumba zinazoitwa Oxford House, zilizoanza mwaka 1975 katika jimbo la Maryland, na mkataba wake unasimama juu ya mambo matatu: wakaaji wanajitawala kwa kura, wanalipa gharama zao wenyewe, na anayerudia kutumia anaondolewa mara moja. Mimi nakubali yote matatu, ila la tatu nalifanyia marekebisho ya kwetu. Kumtoa mtu saa tatu ya usiku ni kumpeleka palepale alipotoka, kwa hiyo siku ya kuingia kila mkaaji ataje mjomba, dada au mzee wa kanisa atakayempokea siku akianguka, na mtu huyo aje aseme mwenyewe kwamba amekubali. Akianguka, anaondoka siku hiyo kwa ajili ya usalama wa wengine, naye anaweza kuomba kurudi baada ya muda ambao nyumba itaukubali kwa kura.

Siku ngumu kuliko zote ni siku ya malipo. Mwangalieni mtu aliyebeba mifuko ya unga tangu alfajiri katika soko la Kenya: jioni anapewa franka zake, anazikunja ndogo, anaziweka ndani ya kofia, na njia yake ya kwenda nyumbani inapita mbele ya watu watatu wanaojua jina lake. Kwa miezi mitatu ya kwanza, mkaaji mmoja wa nyumba, aliyemtangulia katika kuacha, amngojee palepale sokoni. Wakifika, pesa zihesabiwe mezani mbele ya wote kabla bukari (ugali) haijaiva, ziandikwe katika daftari lenye safu tatu, yaani mchango wa kodi na chakula, akiba ya garanti, na kinachobaki mfukoni mwake. Daftari liwekwe na mkaaji mwenyewe kwa zamu, asilishike padri wala mfadhili. Aliyeishi miaka mingi akipangiwa kila kitu anahitaji kuikosea hesabu, asahihishwe na wenzake, kisha aandike tena.

Wanawake wawe na nyumba yao, pamoja na watoto wao.

Jamaa wasilazimishwe kusamehe haraka. Mama ambaye sufuria zake ziliuzwa na mwanawe aanze kwa kuja kula sombe (kisamvu) Jumapili, aende zake. Tarehe ya kuondoka isipangwe na kalenda. Safu ya pili ya daftari ikifikia garanti ya miezi 3 ya chumba chake mwenyewe, mkaaji atafute chumba hicho akiwa bado kwenu, arudi jioni za mkutano wa wakaaji, na kitanda chake kifuliwe shuka kwa ajili ya atakayefuata.