Jinsi ya kutafuta tofauti za kijenetiki katika bakteria wa baridi kali bila kudanganywa na DNA iliyochakaa

Mwongozo huu nimemwandikia mwanafunzi wa baiolojia aliyekwisha kuzoea kuandika amri kwenye kompyuta, na anayetaka kulinganisha jenomu za bakteria waliotolewa kwenye barafu au kwenye ardhi iliyoganda, ili aone wanatofautiana wapi na kama tofauti hizo zinahusiana kweli na baridi. Si lazima upande Kibo wala ufike Siberia, kwa kuwa jenomu nyingi zimewekwa wazi kwenye hifadhi ya NCBI (hazina ya Marekani ya data za kijenetiki), na kuanzia hatua ya tatu hadi ya tano kazi yote inafanyika kwenye kompyuta ya kawaida.

Mfano wetu ni Psychrobacter arcticus 273-4, bakteria aliyepatikana katika eneo la Kolyma, Siberia, ndani ya tabaka lililoganda kwa miaka 20,000 hadi 30,000. Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2010, ina besi (herufi za DNA: A, C, G na T) zipatazo milioni 2.65, na bakteria mwenyewe hukua kuanzia nyuzi −10 hadi 28 za Selisiasi. Kwa kipimo kilichowekwa na mwanabiolojia Morita mwaka 1975, bakteria apendaye baridi hasa ni yule anayestawi zaidi kwenye nyuzi 15 au chini yake na asiyekua juu ya nyuzi 20 hivi. Kwa hiyo huyu wetu ni mvumilivu wa baridi kuliko kuwa mpenzi wake, na jambo hilo litatusaidia mwishoni.

Hatua ya kwanza: kuza kwa subira. Kama una kipande cha ardhi iliyoganda, kwangua sehemu yote ya nje kwa kisu kilichotakaswa na utumie kiini pekee, kwa sababu bakteria wa kwenye mashine ya kuchimbia hubaki juu ya ganda. Panda kwenye agari yenye chumvi, funga sahani ndani ya mfuko wa plastiki zisikauke, kisha uziweke kwenye nyuzi 4 kwa wiki tatu au zaidi. Usishangae kukosa kitu wiki ya kwanza: Planococcus halocryophilus Or1, aliyetolewa kwenye ardhi iliyoganda ya Aktiki ya Kanada, huhitaji siku 50 hivi kujigawa mara moja anapokuwa kwenye nyuzi −15. Kila koloni lipandwe upya mara tatu ili liwe safi, lakini lisizidishwe hapo, maana kila upandaji ni nafasi ya mabadiliko mapya yaliyozaliwa maabara.

Hatua ya pili: toa DNA na uisome. Hapa sina mengi. Lenga kila besi isomwe mara 50 kwa wastani. Kwa jenomu ya besi milioni 2.65 hiyo ni besi milioni 132.5, yaani jozi 442,000 hivi za vipande vya besi 150. Zaidi ya hapo unalipia bure.

Hatua ya tatu: hakikisha unalinganisha ndugu. Pima ufanano wa jenomu zako na jenomu rejea, yaani ile ya 273-4 tunayolinganisha nayo, kwa programu ya fastANI. Ukipata chini ya asilimia 95, una spishi nyingine, na vipande vingi havitapata pa kukaa kwenye jenomu rejea. Katika hali hiyo achana na njia hii na ulinganishe orodha za jeni kwa kutumia programu ya Panaroo. Wanaoanza huiruka hatua hii, halafu hushinda wiki nzima wakisahihisha matokeo yasiyosahihishika.

Hatua ya nne: tafuta tofauti. Safisha vipande kwa programu ya fastp, kisha kwa kila sampuli (hapa P1) andika amri ya snippy, programu inayotafuta tofauti na jenomu rejea:

snippy --ref 273-4.gbk --R1 P1_R1.fastq.gz --R2 P1_R2.fastq.gz --mincov 10 --minfrac 0.9 --outdir P1

Masharti ya --mincov na --minfrac yanasema kwamba badiliko likubaliwe pale tu mahali hapo paliposomwa angalau mara 10, na asilimia 90 ya vipande vikakubaliana. Sampuli zote zikiisha, ziunganishe kwa snippy-core, kisha upitishe matokeo kwenye Gubbins. Programu hiyo huonyesha maeneo ambako tofauti zimerundikana pamoja. Mrundikano wa namna hiyo kwa kawaida ni kipande kizima kilichoingia kutoka kwa bakteria mwingine kwa mara moja, na ukikihesabu kama mabadiliko 200 yaliyotokea moja baada ya jingine, mti wako wa ukoo utapinda.

Hatua ya tano ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu. Katika P. arcticus, protini nyingi zina asidi amino za arginini na prolini chache kuliko za jamaa wa mazingira ya joto, na lisini nyingi zaidi. Inaaminika kwamba hilo huzilegeza protini ziweze kufanya kazi kwenye baridi. Kwa hiyo kila mtu huitafuta arginini iliyogeuka lisini. Mimi pia niliitafuta, nikaipata katika jeni tatu kutoka kwenye DNA iliyotolewa moja kwa moja katika udongo ulioganda, nikaanza hata kuandika rasimu. Nilipofungua vipande kimoja kimoja kwenye skrini, niliona kwamba herufi iliyobadilika ilikuwa karibu kila mara kwenye ncha ya kipande, si katikati.

Chanzo chake ni hiki. DNA ya seli zilizokufa zamani huchakaa: besi C hupoteza kundi lake la amini na kuwa U, na mashine huisoma U kama T. Uzi wa pili unaposomwa, kosa hilohilo huonekana kama G iliyogeuka A. Sasa angalia kodoni, yaani herufi tatu tatu zinazotaja kila asidi amino: AGA na AGG ni arginini, na ukigeuza hiyo G ya katikati kuwa A unapata AAA na AAG, ambazo ni lisini. Kodoni zote za prolini huanza na CC. C mojawapo ikigeuka T, prolini inakuwa serini au lusini. Uchakavu huo, basi, huiga ile ile alama tunayoihesabu kuwa ya kuzoea baridi.

Kama DNA yako imetoka kwenye koloni hai, hofu hii ni ndogo, kwa kuwa seli inayojigawa hukarabati jenomu yake. Kama imetoka moja kwa moja kwenye udongo au barafu, pima uchakavu kwa programu ya mapDamage, kata besi chache kwenye ncha zote mbili za vipande, au omba maabara itumie kimeng'enya cha UDG kinachoondoa U kabla ya kusoma.

Kuna mtego wa pili, mdogo kidogo. Kodoni za lisini zimejaa A, wakati nyingi za arginini zimejaa C na G. Jenomu yenye C na G chache itakuwa na lisini nyingi hata kama bakteria wake anaishi kwenye chemchemi ya moto, kwa hiyo linganisha na jamaa wenye kiwango kilekile cha C na G.

Hatua ya sita: rudi kwenye sahani. Chagua aina mbili zinazotofautiana katika jeni unayoishuku na ziwe karibu sawa kwingineko, uzikuze kwenye nyuzi 4 na kwenye nyuzi 22, na upime wingi wa seli kila siku. Hapa ndipo uvumilivu wa Psychrobacter unapotufaa, kwani hukua kote kuwili. Colwellia psychrerythraea 34H, anayestawi kwenye nyuzi 8 hivi, asingekua kabisa kwenye nyuzi 22. Ikiwa aina moja inatangulia kwenye nyuzi 4 na zote zinakwenda sambamba kwenye 22, hamishia badiliko lile peke yake katika aina iliyochelewa, kisha urudie vipimo vilevile.