Fundi seremala, panga mapema karakana iende kwa nani
Mafundi wenzangu, tusipoandika kitu, siku tukiondoka duniani randa zetu zinauzwa bei ya chuma chakavu maana nyumbani hawajui ipi ya maana. Chukua daftari, kila mashine ipige picha na simu, andika ulinunua bei gani, ipi mbovu, ipi ni ya kijana wako wa kazi (hapa vijana wanadhulumiwa sana jamani), halafu kitanda cha mteja gani kimelipiwa advansi na bado shilingi ngapi, mkeo ajue daftari linakaa wapi. Ukitaka patasi na jiriwa zibaki kwa mwanafunzi wako, andika wosia mbele ya mashahidi, Tanzania RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini) wanautunza, na kama ni Muislamu wosia kwa asiye mrithi usizidi theluthi moja ya mali.