Kuonyesha mtiririko tulivu ukigeuka msukosuko ndani ya mrija

Jaribio hili ni la mhandisi Osborne Reynolds, aliyelichapisha mwaka 1883 akiwa Manchester. Maabara ya shule inalimudu, mradi maji yatulie kwelikweli kabla ya kuanza.

Tafuta mrija angavu ulionyooka, kipenyo cha ndani milimita 10, urefu mita 1.5. Usiufupishe: karibu na mpaka wa msukosuko, mtiririko tulivu huhitaji kama mita 1.2 kabla haujakaa sawa. Upitishe mlalo ubavuni mwa ndoo ya lita 20, ziba kwa silikoni, na mdomo wa ndani uvishe faneli yenye kingo laini. Ukingo mkali huzaa mizunguko ya maji palepale mlangoni. Koki nayo ikae mwisho wa mrija. Ikiwa mwanzoni, itavuruga maji yote yanayoingia.

Jaza ndoo, uiache saa kadhaa. Rangi ni chembe chache za pamanganeti ya potasiamu, ziyeyushwe kwa maji ya ndoo hiyohiyo. Rangi nzito au yenye joto tofauti itazama au kupanda, nawe utadhani ni msukosuko. Iingize kwa sindano nyembamba katikati ya faneli, polepole.

Fungua koki kidogo na upime sekunde za kujaza lita 1. Kwa mrija huu na maji ya nyuzi 30, gawanya 159,000 kwa sekunde hizo upate namba ya Reynolds, yaani kipimo cha jinsi mtiririko ulivyo karibu na msukosuko: ikipanda, utulivu hupungua. Kwa nyuzi 20, tumia 127,000. Kwa nyuzi 30, sekunde 160 hutoa karibu 1,000, na rangi hubaki uzi mmoja mpaka mwisho.

Ongeza taratibu. Kuanzia 2,000 hivi hadi 2,700, utamu wenyewe huanza: vipande vya msukosuko hupita kimoja kimoja, na katikati yao uzi hurudi kunyooka. Usiguse koki hapo. Hiyo si hitilafu. Kama uzi bado haujakatika kwenye 3,000, ndoo yako imetulia vizuri, kwani Reynolds mwenyewe alivuka 12,000. Gonga meza uone utakavyovunjika.

Msukosuko ukishajaa, jicho huona ukungu wa rangi tu. Reynolds alimulika kwa cheche ya umeme, mizunguko ikaonekana waziwazi. Wewe weka karatasi nyeupe nyuma ya mrija, taa kali, na kamera kwenye 1/1000 ya sekunde.