Somo: Kuandika kwa Haki Michango ya Wazazi Katika Mnada wa Harambee ya Shule

Katika harambee nyingi za shule nchini Kenya, mnada ndio unaochangamsha watu zaidi, kwa sababu jogoo, keki au mkungu wa ndizi ulioletwa na mzazi hununuliwa, ukarudishwa, ukanadiwa tena, hata kitu kimoja kikaingiza fedha mara tatu au nne. Hapo ndipo hesabu huvurugika. Nilipokuwa katibu wa kamati ya wazazi, mama mmoja alileta jogoo aliyeingiza fedha nyingi kuliko kitu kingine chochote siku ile, lakini orodha ikasomwa bila jina lake. Mwaka uliofuata hakuleta kitu, nami sikuweza kumlaumu.

Hatua ya 1. Pitisheni kanuni katika mkutano wa wazazi kabla ya siku yenyewe, na iandikwe katika kumbukumbu. Ninayoipendekeza ni hii: aliyeleta kitu atambuliwe kwa kitu alicholeta, aliyenunua atambuliwe kwa fedha alizolipa, na kila shilingi iandikwe mara moja tu.

Hatua ya 2. Wekeni daftari la mapokezi langoni. Kila kitu kipewe nambari, na mwenye kukileta aulizwe jina analotaka lisomwe, kwa maana wapo wanaotaka kuitwa kwa jina la mtoto na wapo wasiotaka kutajwa kabisa.

Hatua ya 3. Kila mara kitu kinaponadiwa, kiandikiwe mstari wake. Tuseme jogoo nambari 7 amenunuliwa kwa shilingi 3,000 akarudishwa, akanunuliwa kwa 2,500 akarudishwa, kisha wazazi watatu wakachanga 1,500, 1,500 na 1,000 wakamchukua. Jumla ni 9,500, na wanunuzi ni watano, kila mmoja na kiasi chake. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kumwandikia mleta jogoo zile 9,500 na kuwaandikia wanunuzi vilevile, hivyo daftari likaonyesha 19,000 ambazo hazimo sandukuni. Kosa la pili ni kuwataja wanunuzi wa mwisho peke yao, kana kwamba wale wawili wa mwanzo hawakutoa kitu.

Hatua ya 4. Ahadi ziwe na ukurasa wake hadi zilipwe. Kila aliyelipa, kwa fedha taslimu au kwa M-Pesa, apewe risiti.

Hatua ya 5. Wakati wa kusoma, anzeni na walioleta vitu, kisha wanunuzi wa kila kitu kwa mfuatano wa minada.

Maswali ya wanachama

Mzazi wa Gredi ya 5: Katibu, nilinunua mbuzi kwa 15,000 ilhali sokoni ni kama 9,000. Je, ile ziada inaweza kupunguza deni langu la chakula cha mchana shuleni?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Zote 15,000 ni mchango wako na zitasomwa hivyo, ila mchango na malipo ya shule ni madaftari mawili. Tukiyachanganya, mzazi asiye na uwezo wa kununua mbuzi ataonekana mdaiwa mara mbili.

Mweka hazina: Mwalimu mmoja anataka tusome michango darasani ili watoto wawahimize wazazi wao. Tufanyeje?
Jibu: Tafadhali msikubali. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 hairuhusu mtoto wa shule ya umma kuzuiwa kuhudhuria kwa sababu ya malipo ambayo hayajatolewa, na kumwaibisha mbele ya wenzake ni njia nyingine ya kumfukuza.

Mama wa jikoni: Sisi tuliopika tangu alfajiri hatuna kitu cha kunadi wala fedha. Tutaandikwa wapi?
Jibu: Dada, mtaandikwa katika daftari lilelile la mapokezi, kwa majina na kazi mliyofanya, bila kuigeuza kuwa shilingi. Nanyi mtasomwa pamoja na walioleta vitu, kabla ya mnunuzi yeyote.