Somo: Kuunda bodi ya shirika la kusaidia jamii, kuanzia kumtafuta mjumbe hadi kumuaga

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wale walioombwa, au wanaotarajia kuombwa, kuingia katika bodi za mashirika madogo ya kusaidia jamii: yale yanayonunua sare na madaftari ya yatima, yanayopeleka unga na sabuni kwa wazee wasio na wa kuwatazama, na yanayochangia matibabu ya watu wasio na bima. Ninazungumzia Tanzania Bara, ambako nimekaa katika bodi tatu kwa nyakati tofauti, mara mbili nikiwa katibu na mara moja mjumbe wa kawaida. Zanzibar ina sheria yake na msajili wake.

Kabla ya hatua zenyewe, niseme ninachokiamini. Bodi zetu nyingi haziharibiwi na wezi. Huharibiwa na heshima, kwa maana kwamba tunawajaza watu tunaowaheshimu kiasi cha kushindwa kuwauliza fedha ziko wapi, na wao wakatuheshimu kiasi cha kutotuuliza sisi. Mjumbe anayefaa ni yule anayeweza kumuuliza mwenyekiti swali gumu mbele ya wenzake, kikao kikaendelea.

Hatua ya kwanza: Fahamu unaingia katika bodi ya aina gani

Neno bodi hubeba mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Shirika lililosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002, hupata kwa usajili huo nafsi ya kisheria, yaani linaweza kushtaki, kushtakiwa na kumiliki mali kwa jina lake, na bodi yake ni wale ambao katiba imewataja kuwa wasimamizi. Jumuiya iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura 337, kwa msajili aliye Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa kawaida huwa na wadhamini, nao husajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya sheria ya wadhamini, Sura 318, ili kiwanja au jengo liandikwe kwa jina la Wadhamini Waliosajiliwa wa jumuiya hiyo badala ya jina la mwenyekiti. Ninamfahamu mzee mmoja aliyeitwa mdhamini kwa miaka sita, akatambulishwa hivyo harusini na msibani, kumbe jina lake halikuwahi kufikishwa RITA. Kwa hiyo muulize katibu mapema: jina langu litaandikwa wapi, na nani atalipeleka?

Hatua ya pili: Orodhesha kazi kabla ya majina

Kikao cha kutafuta wajumbe huanza vibaya pale mtu anaposema, "Tumweke mheshimiwa fulani." Anzeni na kazi. Nani anaweza kusoma taarifa ya benki na kuilinganisha na daftari? Nani anaijua lugha ya mikataba? Nani amewahi kulea mtoto asiye wake, au kukaa wodini na mgonjwa, akajua msaada unavyopokelewa na upande wa pili? Mkishajaza kazi, idadi itajileta yenyewe. Kwa shirika dogo wajumbe watano hadi saba wanatosha, na namba witiri husaidia pale kura zinapohitajika.

Hatua ya tatu: Mwonyeshe mambo yalivyo kabla hajakubali

Mpeni katiba, hesabu za miaka miwili iliyopita, mihtasari ya vikao vitatu vya mwisho na barua zote zilizotoka kwa Msajili. Akisoma akaja na maswali, mmepata mtu. Akisema "mimi nakuaminini tu," mshukuruni na mwendelee kutafuta. Muulizeni pia nani ndugu yake yumo ndani ya shirika, na kama ana duka, gari au ukumbi ambao shirika linaweza kuukodi siku moja. Majibu yaandikwe katika daftari la maslahi, lisomwe upya kila mwaka.

Hatua ya nne: Fedha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipofundishwa na mambo yaliyonikuta.

Katika bodi yangu ya pili, michango ilikuwa ikitumwa kwenye namba ya simu ya mhazini. Hakuna aliyeona ubaya, kwa kuwa alikuwa mstaafu mwaminifu mwenye daftari la mistari ambamo kila kilichoingia kiliandikwa kwa kalamu ya bluu na kila kilichotoka kwa kalamu nyekundu. Akafariki ghafla. Arobaini haijafika, ada za watoto wanne zikawa zinadaiwa, na fedha zilikuwa ndani ya laini ambayo namba yake ya siri haikujulikana na yeyote kati yetu. Tulikwenda watatu nyumbani kwa marehemu, mjane akiwa amekaa eda chumba cha ndani, tukanywa kahawa, tukasoma dua, tukaondoka bila hata mmoja kulifungua lile jambo. Mtoto wake mkubwa ndiye aliyetuita baadaye, baada ya kulikuta daftari chini ya godoro, lakini wakati huo shauri la mirathi lilikwisha kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na shirika likalazimika kuingia kama mdai miongoni mwa wadai wengine na kusubiri msimamizi wa mirathi alipe. Daftari lile ndilo lililotusaidia kuthibitisha dai letu. Marehemu hakukosea peke yake. Sisi wengine tulikaa miaka mitatu bila kuuliza kwa nini shirika halina namba yake.

Basi fungueni akaunti ya benki na namba ya kupokelea malipo kwa jina la shirika. Watia saini wawe watatu au wanne, na kila malipo yahitaji saini mbili zisizotoka nyumba moja. Asiwepo mtu wa kusaini hundi tupu, hata kama anasafiri kesho alfajiri na mwenzake ni rafiki yake wa shule. Kila malipo yawe na hati ya malipo inayoonyesha sababu, kiasi, mpokeaji na aliyeidhinisha, na stakabadhi ibanwe nyuma yake siku hiyo hiyo.

Kisha kuna orodha za wapokeaji msaada. Mjumbe mmoja kila robo mwaka achague majina matano katika orodha na kuwatembelea bila kumtaarifu mratibu, yaani mtendaji mkuu wa shirika. Niliwahi kuikagua orodha ya mgao wa mchele yenye alama za dole gumba, nikaona kovu jembamba limekata dole lile kwa mshazari. Nikateremka mistari mitatu, kovu lile lile. Mwisho wa ukurasa nilikuwa nimehesabu alama kumi na moja za dole moja. Orodha hiyo ilikuwa imepitishwa na bodi kwa saini nne, yangu ikiwemo.

Kwa upande wa sheria, shirika lililo chini ya ile sheria ya mwaka 2002 hutakiwa kuwasilisha kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali taarifa ya mwaka ya shughuli na fedha, na kanuni za mwaka 2018 ziliweka kwamba mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, cheti cha usajili hudumu miaka 10, jambo ambalo husahaulika kwa urahisi kwa sababu aliyekiweka cheti kabatini mara nyingi si katibu atakayekuwepo kitakapoisha muda wake. Mratibu anaweza kuziandaa nyaraka hizi zote, ila bodi isomewe, ihoji na ipitishe kabla hazijatoka.

Hatua ya tano: Kikao na muhtasari wake

Ajenda na nyaraka ziwafikie wajumbe siku saba kabla, akidi ihesabiwe kwa majina, na kipengele cha yatokanayo kisirukwe hata kama muda umekwenda, kwa kuwa hapo ndipo hujulikana nani alipewa kazi na hakuitenda. Tazameni tofauti ya mihtasari hii miwili kuhusu jambo moja. Wa kwanza: "Wajumbe walijadili suala la bajaji na kukubaliana lishughulikiwe." Wa pili: "Bodi imeamua bajaji iuzwe kwa mnada wa wazi kabla ya tarehe 30 Juni, kwa bei isiyopungua shilingi 2,500,000. Mratibu atabandika tangazo katika ofisi ya mtaa, na mhazini ataleta hati ya benki kikao kijacho. Mjumbe mmoja alitoka nje wakati wa uamuzi kwa kuwa mdogo wake ana nia ya kununua." Huo wa kwanza, miezi sita baadaye, kila mtu atausoma anavyotaka.

Hatua ya sita: Msimfanyie mratibu kazi yake

Bodi huamua sera, bajeti na ajira ya mtendaji mkuu, kisha humwacha atende na kumhoji kwa matokeo. Mjumbe anayekwenda ghalani kugawa magodoro kwa mkono wake hawezi tena kuukagua mgao huo. Katika mashirika yasiyo na mwajiriwa hata mmoja wajumbe hulazimika kutenda, na hapo dawa ni kuhakikisha aliyegawa si yule anayekagua.

Hatua ya saba: Kuaga

Wekeni muhula ndani ya katiba, kwa mfano miaka mitatu inayoweza kurudiwa mara moja, na msiwamalizie wote muhula mwaka mmoja. Anayeondoka akabidhi kwa maandishi funguo, mhuri, kadi za benki na nywila, kisha benki ijulishwe aondolewe katika watia saini. Tambiko la keki na picha lifuate baada ya hapo.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Mfadhili wetu mkuu ameomba awe mwenyekiti wa bodi. Tukimkatalia tunaogopa atafunga mkono. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba. Kuna cheo cha mlezi, ambacho kinampa nafasi ya heshima katika mkutano mkuu bila kumpa saini wala kura katika matumizi ya fedha alizotoa mwenyewe. Mwelezeni kwamba atapelekewa taarifa ya fedha kila robo mwaka. Wafadhili wengi hutaka kujua zaidi ya kutawala, na anayetaka kutawala ni afadhali mmjue sasa.

Swali: Je, wajumbe walipwe posho ya kikao?

Jibu: Katiba yenu iseme. Mimi huona ni haki kurudisha nauli na kutoa chakula siku ya kikao kirefu, kwa kuwa bila hivyo mtaishia na wajumbe wenye magari tu. Zaidi ya hapo, wekeni kiwango cha posho kando ya gharama ya kumsaidia mtoto mmoja kwa mwezi, muisome mbele ya mkutano mkuu, na muone kama mnaweza kuitetea kwa sauti.

Swali: Mke wangu ndiye mratibu, nami nimechaguliwa mhazini. Katiba haikatazi. Kuna shida?

Jibu: Ipo, hata mkiwa waaminifu nyote wawili. Yeye ataomba fedha na wewe utaidhinisha, kisha siku ikitokea kasoro ya shilingi elfu ishirini hamtakuwa na shahidi wa nje. Baki mjumbe ukipenda, lakini uhazini mwachie mwingine, na usikae kikaoni wanapojadili mshahara wake.

Swali: Mama mmoja anayepokea msaada wetu amependekezwa kuwa mjumbe. Wengine wanasema haiwezekani.

Jibu: Inawezekana, isipokuwa kama katiba yenu inakataza. Atoke nje pale jambo linalohusu familia yake linapoamuliwa. Katika bodi yangu ya mwisho, mjumbe wa namna hiyo ndiye aliyetueleza kwamba kugawa unga siku ya gulio kuliwafanya wenye genge wakose siku yao ya mauzo ili wapange foleni. Tulikuwa tumeifuata ratiba hiyo kwa miaka miwili.

Swali: Mjumbe wetu huwapiga picha watoto tunaowasaidia na kuziweka kwenye hali yake ya WhatsApp. Anasema anatafuta wafadhili.

Jibu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazigusa picha, majina na taarifa za afya za watu hao, na kwa mtoto ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi. Bodi ipitishe utaratibu wa maandishi: nani anapiga, kwa ridhaa ya nani, zinahifadhiwa wapi na zinafutwa lini. Mpaka utaratibu huo upite, simu ya mjumbe ikae mfukoni.

Swali: Tumebadilisha wajumbe watatu. Inatosha kuandika katika muhtasari?

Jibu: Haitoshi. Mjulisheni Msajili, ukiambatanisha muhtasari wa mkutano uliowachagua. Kama ni wadhamini, wajulisheni RITA, na benki pia. Mkikwama, anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yenu.

Swali: Mimi ni binti wa miaka 26, nimeingia kwenye bodi ya wazee watupu. Mwenyekiti alimfundisha baba yangu shule ya msingi. Nikiona hesabu haikai sawa, naanzaje?

Jibu: Anza na karatasi, usianze na mtu. Mpigie siku mbili kabla ya kikao, umsalimie, useme: "Mzee, naomba unielekeze. Ukurasa wa pili, mstari wa mafuta ya gari, naona 480,000, na stakabadhi nilizopewa zinafika 310,000. Kuna nyingine ambazo sijaziona?" Ukimpa nafasi ya kuzitafuta hutakuwa umemvunjia heshima. Zikipatikana, mshukuru. Zisipopatikana, rudia swali lile lile, kwa maneno yale yale, ndani ya kikao, na umwombe katibu aliandike.