Kabla hujapeleka unga wa lishe madukani

Ukiwauzia majirani, pesa huingia palepale. Dukani sivyo. Wenye maduka wengi hupokea bidhaa ngeni kwa mali kauli: unaacha mifuko, unalipwa ikishauzwa. Huku nyuma mahindi, soya, karanga na mwenye mashine wanataka fedha mkononi. Kwa hiyo andaa kwanza mtaji wa kungojea, kabla hata ya kuwaza mashine yako mwenyewe. Tuseme maduka ni kumi, kila moja mifuko 20, na mfuko mmoja unakugharimu shilingi 2,500. Shilingi 500,000 zako zimelala kwenye rafu za watu. Wiki ijayo utasaga kwa pesa ipi? Nimewaona akina mama wenye unga mzuri kabisa wakikwama hapo, na inaniuma, maana wateja walikuwepo.

Hiyo 2,500 utaijua kwa daftari tu. Andika miezi mitatu mfululizo, pamoja na nauli ya bodaboda, vocha, na ule unga uliowapikia wanao uji.

Kisha kajifunze. SIDO, shirika la serikali la kuendeleza viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, ina ofisi mikoani na hufundisha usindikaji wa vyakula, ufungashaji na uendeshaji wa biashara. Nenda na daftari lako, uulize kuhusu unga wako mwenyewe. Na kwa unga wa lishe, somo ambalo si la kuruka ni sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka na karanga. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo, na moto wa kukaangia hauimalizi. Jifunze kukagua unyevu wa nafaka kabla ya kununua, kuchambua karanga zenye ukungu au zilizosinyaa, na kuhifadhi magunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Mteja wako mkubwa ni mtoto wa miezi sita.

Jina la biashara utalisajili BRELA, namba ya mlipakodi ni TRA, alama ya ubora ni TBS. Anza na TBS mapema.

Mkopo uje mwisho. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Kwa wanawake na vijana mkopo huo hutolewa kwa kikundi, hivyo kabla ya kutia saini kaeni mfungue madaftari yenu wote, kila mmoja aone mwenzake anauza kiasi gani.